Kaskazi ndiyo huiua roshani, masika huja kuzika

Masika ikishaingia, mafundi seremala wa Mji Mkongwe hawashikiki. Kila mwenye nyumba anamtaka wake leo hii, tena kabla ya alasiri: ubao wa roshani umebonyea, nguzo imelainika, maji yanamdondokea mpangaji wa chini. Fundi akifika anakuta kila kitu kimerowa. Ubao ukirowa huvimba, na kipimo chake cha siku hiyo sicho kitakachokuwa Agosti. Gundi haishiki, mafuta hayaingii, rangi ndiyo kabisa. Basi hubandika kipande juu ya ufa, hugonga misumari, hulipwa ujira wake, na mwaka wa pili yake tunaonana naye palepale.

Ninaandika haya Januari kwa makusudi. Kaskazi imepamba moto, mbao zimekauka, na bado zipo wiki kadhaa kabla mawingu hayajaanza kujikusanya. Ninalotaka kulisema ni kwamba roshani ya mbao haiharibiki masika. Huharibika miezi hii ya jua, wakati hakuna anayeishughulikia isipokuwa kukaa hapo jioni kutafuta upepo. Jua hupasua, na mvua hupita palepale palipopasuliwa.

Nyumba ya kwetu iko Kiponda. Ghorofa ya pili ina roshani inayotazama kusini, na upana wake unatosha kutandika jamvi wakafuturu watu wanane. Tumelelewa hapo. Mama yangu mpaka leo huchambulia mchele wake hapo, na mchana wa Ramadhani huwezi kumtoa. Kwa hiyo sisemi habari za pambo la nyumba. Kwa wengi wetu mjini roshani ndiyo ua wetu, ndiyo baraza ya wanawake, ndiyo pahala pekee pa kuvuta pumzi katika nyumba ambazo zimebanana ukuta kwa ukuta.

Kwanza ujue roshani yako inatazama wapi. Unguja iko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 8 Oktoba. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la adhuhuri huwa limeegemea kusini. Kuanzia Machi mpaka Oktoba huwa liko upande wa kaskazini, na ifikapo Juni limeegemea huko kwa nyuzi kama 30. Maana yake ni kwamba katika miezi ile ile ya joto kali, Disemba mpaka Februari, ukuta wa kusini wa nyumba ndio unaochomwa mchana kutwa. Wengi hudhani kwa kuwa msimu unaitwa kaskazi, basi upande wa kaskazini ndio unaoumia. Upepo ndio unaotoka huko, jua haliko huko.

Halafu upepo hugeuka. Kuanzia Aprili kusi huanza kushika, na mvua ya masika ikija na upepo wa kusini au kusini-mashariki hupiga ukuta ule ule uliokuwa ukichomwa. Roshani ya kaskazini hupata jua lake wakati wa kusi, miezi ya baridi, na mvua haiipigi usoni. Ya mashariki huchomwa asubuhi, ya magharibi huchomwa alasiri, na hizo mbili hazina msimu wa kupumzika. Lakini ya kusini ndiyo hupigwa mara mbili, jua kisha mvua, bila nafasi katikati. Ikiwa fedha zako zinatosha kushughulikia roshani moja tu mwaka huu, anza na hiyo.

Sasa jua lenyewe linafanya nini. Mti umeumbwa kwa nyuzi, na nyuzi hizo zimeshikanishwa na kitu kinachoitwa lignini. Mionzi ya urujuanimno huila lignini ya juu juu, nyuzi zikalegea, ubao ukawa wa kijivu na wenye manyoya ukiupapasa. Mvua ya kwanza huziosha nyuzi zile zilizolegea, na jua huanza upya na tabaka linalofuata. Hilo ni polepole, na kwa ubao mnene si neno kubwa. Lililo kubwa ni kukauka kusiko sawa. Uso wa ubao hukauka na kutaka kusinyaa, ilhali kiini chake bado kina unyevu na hakitaki. Wakivutana, uso ndio unaopasuka. Nyufa za kwanza ni nyembamba, huwezi hata kuingiza ukucha. Lakini zimeshafungua njia.

Kuvu wanaoozesha mti hawawezi kuishi katika mti mkavu. Unyevu ukiwa chini ya kama asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, hawaoti. Ndiyo maana boriti za mikandaa ndani ya nyumba zetu za mawe zimebeba dari miaka zaidi ya mia na bado zinalia ukizigonga. Hazikuokolewa na dawa, ziliokolewa na ukavu. Ubao usio na ufa ukinyeshewa saa mbili, hurowa juu na kukauka jioni. Ubao wenye ufa hupeleka maji moyoni, na masika nzima hayatoki. Mpaka Juni umekuwa shamba la kuvu.

Fundi tunayemwita nyumbani ni mzee aliyeanza kazi kwenye majahazi kabla hajageukia milango na madirisha. Nilipomwonesha roshani yetu mara ya kwanza, nilimpeleka katikati, pale mbao zilipopauka na kutisha macho. Hakupatazama. Alipiga magoti ukutani, kwenye ncha za mbao, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kudunga. Ubao wa kwanza, bisibisi iliruka. Wa pili iliruka. Wa tatu iliingia mpaka kwenye mpini bila yeye kusukuma, na alipoitoa ilikuja na unga wa kahawia, mbichi, wenye harufu ya uyoga. Juu yake rangi ilikuwa nzima kabisa.

"Mti hunywa kwa kichwani, mwanangu," akaniambia. "Mgongoni hulamba tu."

Ni kweli, na ndiyo elimu ya kwanza ya kazi hii. Maji hupanda ndani ya mti kwa njia zile zile ulizokuwa ukinywea ulipokuwa hai shambani, na njia hizo zimefunguka kwenye ncha zilizokatwa. Ncha ya ubao hunyonya maji upesi mara nyingi zaidi kuliko uso wake. Kwa hiyo ukiwa na mafuta kidogo na siku chache, usianze katikati panapoonekana. Anza vichwani: ncha za mbao zote, kichwa cha kila nguzo, chini ya nguzo inapokalia boriti, na kila tundu la msumari. Vichwa hivyo vipe mafuta mpaka vikatae, yaani upake, ungoje vinywe, upake tena, na tena, mpaka mafuta yabaki juu yaking'aa. Nguzo zilizosimama na vichwa wazi zivishe kofia ya bati au ya ubao uliokatwa mshazari, maji yasipate pa kukaa.

Baada ya vichwa, misumari. Hewa yetu ina chumvi, na msumari wa chuma cha kawaida haukai miaka mingi kwenye roshani inayoelekea bahari. Kabla haujakatika hukuonesha dalili: duara jeusi kuzunguka kichwa chake, hasa kwenye mvule na mbao nyingine zenye tanini. Kutu huvimba, huupanua ubao, na tundu linakuwa kubwa kuliko msumari. Ukikanyaga, ubao hucheza, na kila unapocheza hunyonya maji. Ninasisitiza skrubu za chuma kisichoshika kutu, zile za kiwango cha 316 kwa nyumba za ufukweni. Bei yake inauma. Lakini ubao wa mvule unaonunua leo utakaa kuliko wewe na mimi, na ni dhuluma kuushikiza kwa kitu kitakachooza kabla yake. Usigonge msumari mpya katika tundu la zamani. Ziba tundu kwa kijiti cha mti huo huo kilichochovywa gundi, kisha toboa pembeni.

Kuhusu aina ya mbao sitasema mengi kwa sababu mfuko ndio unaoamua. Msaji una mafuta yake ya asili na ndiyo maana wakubwa wa zamani waliagizia. Mvule ni wa pili wake, mninga hausinyai ovyo. Wengi wetu sasa tunapata msonobari wa bara, mwingi unatoka misitu ya Sao Hill kule Mufindi, na huo bila dawa haufai nje hata msimu mmoja. Uliotiwa dawa una rangi ya ukijani. Kumbuka dawa ile haifiki moyoni, kwa hiyo kila unapoukata, ncha mpya haina kinga na lazima uipake dawa tena. Na vipande vilivyobaki visiende jikoni. Dawa nyingi za namna hiyo zina aseniki, na moshi wake ni sumu. Mnazi hutumika pia, ila ganda la nje tu la mnazi mzee ndilo gumu. Kiini chake ni laini na hunyonya. Ndani ya nyumba mnazi ni mzuri wa kupendeza, kwenye roshani sishauri.

Mafuta, vanishi au rangi? Hapa ndipo watu hubishana mpaka chai ikapoa, na mimi nina upande wangu. Vanishi hukaa juu ya ubao kama ngozi. Jua la kaskazi huikausha ngozi hiyo mpaka inakatika, maji hupita kwenye mikato, halafu hayapati pa kutokea. Ubao huozea ndani ya kioo. Miezi mitatu ya kwanza hakuna kitu kizuri kama vanishi, na mwaka wa pili unakwangua kwa siku tatu kabla ya kupaka tena. Rangi ya mafuta ni afadhali, kwa sababu rangi huzuia mwanga usifike kwenye mti, lakini nayo ikianza kubambuka ina tabia ile ile ya kufungia unyevu. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa huingia ndani ya mti, hayaachi ngozi, na yakipauka unasafisha na kuongeza tu, huhitaji kukwangua. Tabaka la kwanza lipunguzwe kwa tapentaini ili lizame. Na yatiwe rangi kidogo, hata ya udongo mwekundu, kwa kuwa mafuta matupu hayazuii mwanga wa jua. Yakitoa madoa meusi ya ukungu wakati wa mvua, ni sabuni na brashi laini, basi.

Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba inayo, hayafai kwa kazi hii. Hayakauki. Hubaki yananata, hukusanya vumbi na kuita sisimizi. Wajenzi wa majahazi huko Nungwi hutumia sifa, mafuta ya ini la papa, kwenye mbao zilizo juu ya maji, na chini ya maji hupaka deheni ya shahamu na chokaa. Ni elimu ya karne nyingi na kwa chombo hakuna cha kuishinda. Kwa roshani ya mtu anayelala chumba cha pili yake, harufu ya sifa ni adha ya wiki kadhaa na majirani hawatakusamehe. Lakini kuna jambo moja la mabaharia ambalo linatufundisha: jua likiwa kali, humwagia sitaha maji ya bahari asubuhi na jioni ili mbao zisikauke zikaachana. Wanajua kuwa jua ni adui kabla ya mawimbi. Sisi wa nyumbani tusimwage maji ya bahari kwa sababu ya misumari na bawaba zetu, ila tunaweza kufanya kile kile kwa njia ya kivuli.

Kabla ya kivuli, neno moja la usalama, na tafadhali mlichukue. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Matambara uliyopakia ukiyakunja na kuyatupa pembeni kwenye lundo, yanaweza kuwaka yenyewe usiku bila kiberiti. Yatandaze moja moja juani mpaka yawe makavu na magumu, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Katika vichochoro vyetu ambako gari ya zimamoto haipiti, na nyumba zina boriti na ngazi za mbao kutoka chini mpaka juu, hili si jambo la kulichukulia wepesi.

Kupaka kwenyewe kuna saa zake. Jua likishaupata ubao, ukipapasa unaunguza kiganja, na mafuta hukauka juu kabla hayajazama. Sisi hungoja umande ukauke, tukaanza kama saa mbili asubuhi na kuacha saa nne. Ubao uwe haukunyeshewa kwa muda wa kutosha. Njia ya kujua ni rahisi: mwagia kikombe cha maji. Yakikusanyika vitone vitone na kukaa juu, ubao bado umeshiba mafuta ya mwaka jana, uache. Yakizama na kuacha doa la giza papo hapo, una kiu, na hapo ndipo mafuta yatakapoingia kweli. Piga msasa kwa urefu wa nyuzi, usikate kati, na usilainishe mpaka ung'ae. Ubao uliolainishwa mno haunywi vizuri, tena huteleza ukirowa.

Kivuli ndicho kinachoshinda yote haya. Kama ningelazimika kuchagua kati ya debe la mafuta na kivuli, ningechukua kivuli. Ubao usiopigwa na jua la adhuhuri haupasuki, na usiopasuka haupitishi maji. Nenda Mizingani ukalitazame jengo la Dispensari ya Zamani, ambalo tajiri wa biashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni ukalikarabati miaka ya 1990. Watu hupiga picha nakshi za roshani zake. Ningependa watazame pia vile paa linavyozifunika. Waliozijenga walijua kwamba nakshi isiyo na kivuli haidumu.

Kwa roshani ambazo paa lao ni fupi, kama yetu, tunatundika kitambaa cha turubai upande wa nje, kinateremshwa saa nne asubuhi na kupandishwa alasiri. Kisishikane na mbao, kiachwe na nafasi ya kupitisha upepo. Neti nyeusi za bustani nazo ni nzuri kwa bei na hazibebi upepo sana. Huko mashamba na pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Makunduchi, upenu wa makuti haujapata mpinzani kwa ubaridi wake, mradi uwe na mteremko mkali ili maji yakimbie, na makuti yashonwe kwa kubanana. Mjini makuti ni hatari ya moto. Bati tupu hukinga mvua, lakini chini yake mchana hapakaliki na joto lake huzikausha mbao kama jua lenyewe, kwa hiyo litiwe dari ya mbao au ya mkeka na liwe jeupe.

Kuna vitu viwili tunavyovipenda vinavyoumiza roshani. Cha kwanza ni mkeka wa plastiki unaotandikwa mwaka mzima. Chini yake maji hayakauki, na ukiukunjua baada ya masika utaona umechora ukungu mweusi wenye umbo lake. Utandikwe watu wakikaa, na watu wakiondoka nao ukunjwe. Cha pili ni vyungu. Asumini na mrehani ni haki ya kila roshani ya Kizanzibari, na simwambii mtu ayaondoe. Ayainue. Vipande viwili vya tofali chini ya kila chungu, upepo upite, na chungu kihamishwe pahala pake kila baada ya muda.

Sakafu yenyewe iwe na mteremko kidogo kwenda nje, kama sentimita moja kwa kila mita, na kati ya ubao na ubao uachwe mwanya. Mafundi hupima kwa msumari wa inchi nne: unauweka katikati, unabana mbao, unaunyofoa. Kama mbao zimetoka bandarini zina majimaji, mwanya uwe mdogo kwa sababu zitasinyaa zenyewe. Juu ya kila boriti, kabla ya kupigilia mbao, laza utepe wa lami, kwa kuwa boriti ndizo zinazobeba watu na maji hujificha juu yake kwenye kila mwanya. Ubao ukioza unabadilishwa kwa nusu siku. Boriti ikioza, roshani nzima inafunguliwa.

Mlizamu wa paa usielekezwe kwenye roshani, wala wa jirani. Hili huleta ugomvi wa vizazi katika mitaa yetu, na ni bora kulizungumza wakati wa jua, watu wakiwa na bashasha, kuliko usiku wa mvua. Na kabla ya masika mtu apande akautazame. Kunguru, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wamefanya mifereji ya paa kuwa makazi yao, na viota vyao vina waya, vijiti na kila aina ya takataka. Mfereji mmoja ulioziba hufurika na kumwaga maji yote ya paa pahala pamoja, kwenye ubao huo huo, kila mvua ikinyesha.

Dhoruba sasa. Tunajiona tumo salama kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hausaidii sana vimbunga kujiviringisha. Ni kweli havitufikii mara nyingi. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, vya Sayyid Barghash vikiwamo. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, boti za Dar es Salaam zikasimama, na sisi tukapata nafasi ya kufunga madirisha. Tahadhari zile zisikilizwe. Ukisikia upepo mkali unatarajiwa, turubai ndilo la kwanza kushushwa, wala lisifungwe tu pale pale. Turubai lililobaki juu ni tanga, na kamba zake zitang'oa nguzo kabla ya kitambaa kukatika. Vyungu viingie ndani, viti viingie ndani. Mabati ya upenu hunyanyuliwa kutoka chini, upepo ukiingia chini ya ukingo, kwa hiyo ukingo wa mbele ndio unaohitaji skrubu nyingi na utepe wa chuma unaoshika pau mpaka kwenye nguzo. Na mtu asisimame kwenye roshani kutazama dhoruba, hasa watoto.

Wako wanaochoka na yote haya na kusema bora tumwage zege tumalize. Naelewa uchovu wao. Lakini zege lenye nondo katika hewa ya chumvi nalo huugua: chumvi hupenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na vipande vya zege huanza kudondoka njiani juu ya vichwa vya watu. Na kuta zetu za mawe na chokaa hazikujengwa kubeba uzito ule ukining'inia nje. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Kabla ya kubadilisha roshani, hata kwa mbao, kibali kinaombwa huko. Kibali huchukua muda, ndiyo sababu nyingine ya kuanza Januari na si Aprili.

Dhoruba ikishapita, ondoa majani yaliyokwama kwenye mianya, fungua milango, acha upepo upite, na usifunike kitu. Usipake chochote juu ya ubao uliorowa hata ukionekana umekauka juu. Ufa mpya utie alama ya chaki tu. Kisha ifikapo Juni au Julai, mvua zikiwa zimekatika na kusi inavuma kavu, mpe kijana mwepesi tochi na bisibisi, aingie chini ya roshani, si juu yake, adunge boriti moja moja zinapoingia ukutani. Hapo ndipo panapochelewa kukauka kuliko pote, na kwa bahati mbaya ndipo uzito wote ulipo. Bisibisi ikizama, watu wasikae juu mpaka fundi aje, hata kama mgeni amefika na chai iko tayari.